Sikukuu ya Shule Isimwache Mtoto Nyumbani

Pasaka ikishapita, shule za msingi za Kikatoliki mjini Goma huingia katika kipindi chenye pilika kuliko vyote. Tarehe 30 Aprili ni siku ya walimu, Kongo nzima. Baada yake huja komunyo ya kwanza, kisha mtihani wa taifa wa mwaka wa sita, na mwanzoni mwa Julai wazazi huitwa uwanjani kusikiliza matokeo yakisomwa kwa sauti, jina kwa jina. Tangazo la shughuli hizi hubandikwa mlangoni kwa mkurugenzi wa shule, au mtoto huliandika katika kaye yake akaja nalo nyumbani. Nimeona jinsi wazazi wa Birere wanavyolisoma. Wanaanzia chini, pale panapoandikwa kiasi.

Hapo ndipo penye malalamiko yangu. Sina neno na misa, wala na ngoma za siku ya walimu, wala na matarumbeta ya siku ya matokeo. Nazipenda shughuli hizo, na naamini mtoto wa Birere anazihitaji kuliko mtoto wa mji uliotulia. Kwa sababu hiyo hiyo nasema wazi: shughuli ambayo mtoto hawezi kuhudhuria mpaka atoe pesa haistahili kuwekwa kwenye ratiba ya shule.

Asiyeijua Birere aanzie mpakani. Watu huita Birere eneo lote la Mapendo, Kahembe, Mikeno na majirani zake, lililobanana kuelekea Petite Barrière, pale watu wanapovuka kwa miguu kwenda Gisenyi upande wa Rwanda. Ni soko kutwa nzima: vitenge, sambaza za Ziwa Kivu, unga, mafuta ya mawese, simu, viatu vya mtumba. Nyumba nyingi ni za mbao na zimegusana, kwa hiyo moto ukishika moja hauishii hapo. Mtoto aliyeunguliwa na nyumba usiku anaamka hana unifomu wala kaye hata moja. Wazazi wengi wanaishi kwa biashara ya siku hiyo hiyo. Alichouza mama asubuhi ndicho kinachopikwa jioni. Katika nyumba ya namna hiyo faranga elfu chache za mchango wa sherehe si kitu cha kutoa bila kufikiri, na mwenye watoto wanne katika shule moja hutoa mara nne.

Juma la shule nalo lina mpangilio wake. Jumatatu asubuhi watoto wanapanga mistari mbele ya bendera, mashati meupe na sketi au suruali za bluu, wanaimba wimbo wa taifa na kusali. Katikati ya juma kuna somo la dini, na shule iliyo jirani na parokia huwapeleka watoto misani. Masomo yakiisha, watoto wa vyama vya Kikatoliki vya Kizito-Anuarite na Xaveri hubaki kufanya mazoezi ya nyimbo. Mwisho wa juma ni salongo: fagio, ndoo, na vumbi jeusi la mawe ya volkano ambalo halijawahi kwisha. Penye watoto wengi kuliko vyumba, kundi moja husoma asubuhi na lingine mchana. Darasani wanakaa watatu, wanne kwenye benchi moja. Mvua ya masika ikianza kupiga mabati, sauti ya mwalimu haisikiki tena. Anageukia ubao na kuandika, na watoto wananakili kimya mpaka mvua ipungue. Nimesimama dirishani nikitazama jambo hilo, na kilichonigusa ni kwamba hakuna aliyewaambia la kufanya. Wanajua. Mwalimu naye hageuki nyuma kuhakikisha.

Sasa mfikirie mtoto aliyeingia mwaka wa kwanza Septemba 2019. Machi 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya korona, na mpaka ukafungwa pia, kwa hiyo biashara ya mama yake ilikufa mwezi ule ule. Desemba mwaka huo zikafungwa tena hadi Februari 2021. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka. Lava ilisimama ukingoni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 Mei wakazi wa kata kumi wakaamriwa kuondoka. Mapendo, Mikeno na Kahembe zilikuwemo. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, kila mmoja na alichoweza kubeba. Mwaka uliofuata wa masomo ulianza kwa kuchelewa, mwezi wa Oktoba, na ulipoanza, walimu wa shule za Kikatoliki wakawa katika mgomo wakidai hali bora. Baadaye vita vikasogea, kambi za wakimbizi zikauzunguka mji, na mwishoni mwa Januari 2025 mapigano yakaingia Goma yenyewe. Tarehe 27 waasi wa M23 wakautwaa mji. Mtoto yule alikuwa mwaka wa sita. Miaka sita ya shule ya msingi, na minne kati yake ilikatika au ilichelewa kuanza.

Na huenda baba yake mwenyewe alikuwa mwanafunzi tarehe 17 Januari 2002, siku lava ilipopita katikati ya mji hadi ziwani na kulifunika kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Vizazi viwili katika nyumba moja, vyote vimewahi kuamka na kukuta njia ya kwenda shule haipo.

Mtoto aliyepitia hayo anashikiliwa na vitu vidogo vinavyorudi kila juma. Kengele ile ile, wimbo ule ule wa Jumatatu, mwenzake yule yule wa kukaa naye kwenye benchi, zamu yake ya kufagia. Februari 2025 shule zilipofunguliwa tena, watoto hawakurudi kwa sababu ya hotuba ya mtu yeyote. Walirudi kwa sababu walijua saa ngapi mistari inapangwa na nani anasimama mbele yao. Komunyo ya kwanza iko katika mfululizo huo huo, na ndiyo kilele chake: miezi ya mafundisho, majina yaliyoandikwa kwenye orodha, mazoezi ya kutembea wawili wawili hadi altareni. Mtoto anayekaa nyumbani siku hiyo kwa sababu ya kukosa gauni jeupe hakosi sherehe peke yake. Anaambiwa, mbele ya wenzake wote, kwamba hayumo.

Wazazi wa umri wangu tunajua pesa hizi za michango ya shule zilianzia wapi. Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa shule za makanisa. Haikuweza kuziendesha, na kwa Mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 ikayarudishia makanisa kazi ya kuzisimamia, yenyewe ikabaki na jukumu la kuwalipa walimu na kuweka programu ya masomo. Ndiyo maana tunaziita shule za mkataba. Kisha ikaja miaka ya mwanzo ya 1990: mishahara haikuwa na maana tena, walimu waligoma, mwaka wa masomo wa 1991-1992 ukapotea. Wazazi, kwa makubaliano na maaskofu, wakaanza kumlipa mwalimu wenyewe. Pesa hizo zikaitwa prime. Zilikusudiwa kuziba pengo la muda mfupi tu. Zilikaa karibu miaka 30, na njiani zikabebeshwa ada nyingine, kiasi kwamba sehemu ya alichotoa muuza sambaza wa Birere ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kwenye ofisi ambazo hatakaa azione.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Tulingoja hadi Septemba 2019 kuona neno hilo likitekelezwa. Wengine wanasahau jambo moja, na nataka nilikazie: shule ya Kikatoliki ya mkataba ni shule ya umma. Msalaba ulio juu ya mlango hauiondoi chini ya kifungu cha 43. Shule binafsi zina sheria zao na wazazi wao walichagua kulipa. Mimi sizizungumzii hapa.

Prime ikafutwa. Lakini njaa ya mwalimu haikufutwa, wala ukosefu wa chaki, na pesa zikatafuta majina mengine. Leo kuna mchango wa siku ya walimu, kesho wa picha, keshokutwa wa karatasi za majaribio, halafu wa kinywaji cha wageni wa siku ya matokeo. Kila mmoja ukiutazama peke yake ni mdogo na unaeleweka. Ukiujumlisha na wenzake tangu Septemba hadi Julai, mzazi amerudi pale alipokuwa kabla ya 2019, ila sasa hapewi hata risiti, kwa kuwa prime ilikuwa na daftari na mchango wa sherehe hauna.

Katika yote hayo komunyo ndiyo inayoniuma zaidi. Majuma ya kabla yake, mafundi cherehani wa Birere wanakesha: gauni jeupe lenye matabaka, shela, suruali nyeupe ya mvulana, shati, viatu vyeupe ambavyo havitavaliwa tena kwenye mawe yetu meusi. Ongeza mshumaa, mpiga picha, na mlo wa nyumbani, kwa maana jirani akipika wali na kuku nawe huwezi kukaa na sombe. Siwalaumu mafundi, hiyo ni kazi yao na wana watoto wa kulisha. Siwalaumu hata wazazi wanaokopa. Mzazi aliyeona mali yake ikiteketea mara mbili katika maisha yake anapopata siku moja ya kumvisha mwanawe vizuri, nani amkataze? Nauliza shule na parokia: nani alisema lazima iwe hivyo?

Kanisa halikusema. Papa Pius X, mwaka 1910, alishusha umri wa komunyo ya kwanza hadi kwenye miaka kama saba, ili watoto wadogo wasizuiliwe kwa muda mrefu bila sababu. Alichodai kwao ni kuelewa, kwa kadiri ya umri wao, wanachopokea. Na sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inamtaka mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka iliyowekwa na mamlaka husika, na ahakikishe kwamba maskini hakosi msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Maneno yako wazi. Gauni si sadaka iliyowekwa na mtu yeyote. Ni desturi iliyokua yenyewe hadi ikawa geti.

Pendekezo langu ni hili: komunyo ya kwanza ipokewe kwa unifomu ya shule. Shati jeupe tayari lipo. Sketi ya bluu ipo. Anayekosa, kamati ya wazazi imtafutie mapema, na hilo ni rahisi kuliko kumtafutia gauni la matabaka. Parokia zenye kanzu nyeupe za kuazima zinaweza kuzitumia, watoto wote wakavaa za namna moja na kuzirudisha baada ya misa. Vyovyote iwavyo, anayetazama toka nyuma ya kanisa asiweze kujua mtoto wa mwenye duka ni yupi na wa mbeba mizigo ni yupi.

Najua nitakachojibiwa, na jibu lina uzito. Mwalimu atakula nini? Nchini humu wapo walimu wanaofundisha tangu miaka mingi na majina yao hayajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Hapa Goma, tangu benki zilipofungwa Januari 2025, hata mwenye mshahara amekuwa na kazi ya kuupata. Watu walilazimika kuvuka hadi Gisenyi kutafuta pesa zao wenyewe. Elimu ya bure ya 2019 ilileta watoto wengi darasani bila kuleta madarasa, na anayesimama mbele ya umati huo ni mtu yule yule mmoja. Mwalimu huyo tarehe 30 Aprili akipikiwa chakula na kupewa kitenge, nani anaweza kusema hakustahili? Mimi nasema alistahili zaidi ya hapo.

Lakini deni la mwalimu ni la Serikali, na kama jamii inataka kulipunguza, basi walipe watu wazima, kwa hiari, nje ya darasa. Kumtuma mtoto wa miaka minane akasimame mbele ya mwalimu wake na kusema mama hana pesa kunawaumiza wote wawili. Mwalimu anajua kwamba mtoto anajua. Jumatatu inayofuata wanatazamana vipi?

Birere ina uwezo ambao hauonekani kwenye tangazo la mlangoni. Ina wafanyabiashara. Mwenye ghala la mchele anaweza kutoa gunia kwa siku ya walimu, muuza vitenge akatoa pande kadhaa, mpiga picha akapiga picha moja ya darasa zima. Mashirika yetu, zile jumuiya ndogo za waamini zinazokutana nyumba kwa nyumba, yanajua nani ana nini na nani hana kitu. Kamati ya wazazi, ambayo wengi huiita COPA, ipite huko. Mwenye uwezo atoe bila jina lake kusomwa, asiyekuwa nao asiulizwe. Na kila kilichotolewa kiandikwe: nani kapokea, kimetumikaje, nini kimebaki. Karatasi hiyo ibandikwe pale pale mlangoni kwa mkurugenzi. Mahali panapobandikwa madai panaweza kubandikwa pia hesabu.

Kuhusu hesabu, tunaye mtu wetu. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa mtumishi wa ofisi ya Serikali ya kukagua bidhaa, OCC, hapa hapa mpakani. Alishawishiwa kwa rushwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie mjini, akakataa, na Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Kijana huyo, mwanachama wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, alikuwa akitumia muda wake wa mapumziko pamoja na watoto wa mitaani katika Shule ya Amani ya jumuiya hiyo. Papa Francis aliwatajia vijana jina lake Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Floribert alitangazwa mwenyeheri mjini Roma. Watoto wa Birere wanapita kila siku karibu na mpaka aliokuwa akiulinda. Wanafundishwa habari zake, na ni vizuri. Wafundishwe pia kwa kuona kwamba katika shule yao pesa ya mtu haipokelewi gizani, na kwamba mchango usio na hesabu hauingii hata ukiitwa wa sherehe ya mwenyeheri.

Kuna watoto wengine ambao tangazo huwasahau kabisa. Katika shule hizi wanakaa Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu benchi moja, na hiyo ni sifa kubwa ya shule za mkataba. Siku ya komunyo mtoto asiye Mkatoliki hana nafasi altareni na haitaki. Ila siku ya walimu ni yake, salongo ni yake, na siku ya matokeo ni yake. Asitozwe kwa sherehe ambayo haimhusu, na asiachwe nje ya ile inayomhusu.

Nimalizie na siku ya matokeo, kwa kuwa ndiyo ya mwisho na ndiyo yenye tabia mbaya kuliko zote. Wazazi wamevaa vizuri, majina yanasomwa, asilimia inatajwa, watu wanapiga vigelegele. Kisha mtoto aliyepasi anaambiwa buletini yake itatoka baba akimaliza mchango. Buletini ni cheti cha kazi aliyoifanya mtoto mwenyewe. Bila hiyo hawezi kuandikishwa shule nyingine iwapo wazazi watahama, na mjini kwetu watu huhama bila kupanga. Kuizuia kwa ajili ya pesa ya kinywaji cha wageni ni dhuluma, na anayeifanya ndani ya shule yenye jina la mtakatifu ameongeza kosa juu ya kosa.

Askofu wetu Willy Ngumbi na ofisi yake ya shule za Kikatoliki wanaweza kulimaliza jambo hili kwa barua ya ukurasa mmoja: komunyo kwa unifomu, hakuna kiasi kwenye tangazo lolote linaloandikwa na mtoto, hesabu za kila mchango mlangoni, na buletini mkononi mwa kila mtoto siku ile ile matokeo yanaposomwa. Nanyi wazazi mlio kwenye kamati, msingoje barua hiyo. Itisheni kikao kabla majina ya komunyo hayajafungwa, na wa kwanza kuzungumza awe mama aliyekuwa amekwisha kuamua kumficha mwanawe nyumbani.